Cha Kwangu Tu

Bili ya kupiga rangi gari zima ina mistari mingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kuna rangi yenyewe. Kuna praima inayopakwa kwenye bati kabla ya rangi, puti ya kuziba mabonde, msasa wa namba tofauti tofauti, thina ya kuchanganyia, klia ambayo ndiyo tabaka la juu linalong'aa, na hadina inayoifanya klia hiyo igande na kuwa ngumu. Kuna magazeti ya zamani na gundi ya karatasi ya kufunikia vioo na taa. Halafu chini kabisa, pale karatasi inapoishia, kuna neno moja: ufundi.

Mistari yote ya juu imepanda bei. Ukiuliza gereji yoyote Dar es Salaam, iwe ile yenye geti na mlinzi au ile iliyo chini ya mwembe, utaambiwa hivyo hivyo. Watu wanalalamika, na wana haki ya kulalamika. Lakini mimi linanisumbua swali la mstari wa chini. Mistari ya juu ikigoma kushuka na hela mfukoni ikawa haitoshi, ni haki kuushusha ule mmoja uliobaki kwa sababu tu ndio unaoshukika?

Sababu za vifaa kupanda si siri. Thina na viyeyusho vingine hutokana na mafuta ya petroli, na mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 100. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi za mizigo zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa kuogopa mashambulizi, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ndefu ina gharama zake. Shilingi nayo haikukaa palepale. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ilipita 2,600. Kopo la rangi linalonunuliwa kwa dola linabeba yote hayo hadi dukani.

Hata weupe una safari yake. Weupe wa rangi nyingi unatokana na titani dioksidi, unga unaotengenezwa kwa madini kama ilmenaiti na rutaili. Madini hayo yalichimbwa kwa jirani zetu wa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, yakapakiwa melini Likoni na kwenda kwenye viwanda vya ng'ambo. Pwani hii iliuza mchanga, na inanunua weupe. Bei ya kuuza na bei ya kununua zote mbili hupangwa mbali, na mwenye duka la rangi Kariakoo hana wa kumpigia simu ambembeleze apunguze. Naye hukuuzia kwa bei aliyoikuta, akiongeza faida yake.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, na sifa moja ya walimu wastaafu ni kwamba hawatupi risiti. Mwaka 2018 aliipiga rangi Noah yake, gari alilolinunua kwa mafao, na karatasi ya bili ile bado anayo kwenye faili. Jumla ilikuwa 800,000, na ndani yake ufundi ulikuwa 250,000. Mwaka jana klia ilianza kubanduka kwenye boneti na paa, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, akarudi kwa fundi yuleyule. Alinichukua nimsindikize. Bili mpya ilikuwa hivi: rangi, ambayo ni ile nyeupe ya lulu, 520,000, klia na hadina 280,000, thina 120,000, praima na puti 150,000, msasa, magazeti na gundi 80,000, kunyoosha bodi 150,000, ufundi 350,000. Jumla 1,650,000.

Nyeupe ya lulu, ambayo Toyota huiita kwa namba 070, si nyeupe moja. Unapiga weupe wa chini, juu yake unapiga tabaka lenye chembechembe za kumetameta, halafu klia. Ni kazi tatu kwa jina moja. Fundi alimweleza mjomba hayo yote kwa utulivu, akitumia kidole kuonyesha tabaka la kwanza, la pili na la tatu hewani.

"Fundi, bei hii ya kuua mtu," mjomba alisema. "Punguza."

"Mzee wangu, rangi si yangu. Thina si yangu. Hiyo ya kunyoosha bodi ni ya mwenzangu yule pale, siwezi kupunguza cha mtu. Naweza kupunguza cha kwangu tu."

"Basi punguza hicho hicho."

Wakavutana kwa nusu saa, kwa heshima na vicheko, mpaka ikafika 1,450,000. Laki mbili zimetoka, na zote zimetoka kwenye mstari wa chini. Ufundi ukabaki 150,000, ambayo fundi angegawana na vijana wake wawili kwa kazi ya siku tisa. Wakigawana sawa, kila mmoja angepata kama 5,500 kwa siku. Mjomba akasema atarudi kesho na hela ya kuanzia.

Usiku niliomba ile bili ya 2018 nikaiweka kando ya hii mpya. Mwaka 2018 ufundi ulikuwa karibu theluthi moja ya bili. Kwenye bili mpya, kabla ya kuvutana, ulikuwa kama moja ya tano. Baada ya kuvutana ulikuwa moja ya kumi. Kwa hiyo gharama ya kupiga rangi imepanda karibu mara mbili, na katika kupanda huko mtu anayeipiga ameshuka. Mwenye gari anapotaja gharama za siku hizi anadhani yeye na fundi wako pande mbili za mezani, mmoja akitoa zaidi na mwingine akipokea zaidi. Risiti za mjomba zinasema wote wawili wamesukumwa na mtu wa tatu ambaye hayupo mezani. Kwa kuwa hayupo, wanabaki kusukumana wao kwa wao.

Kuna pingamizi la haraka hapa, na ni la kweli. Kupatana bei kwetu si ugomvi, ni mazungumzo. Fundi anajua utasema punguza, kwa hiyo anaanza juu. Anayelipa bei ya kwanza bila neno anaonekana ama mgeni ama mwenye majivuno. Huenda ile 350,000 iliwekwa ikiwa na nyama ya kukatwa. Nakubali. Lakini hata ile 250,000 ya mwaka 2018 ilipatikana baada ya kuvutana, kati ya watu walewale wawili. Kama desturi ni ileile na watu ni walewale, basi 150,000 ya sasa haielezwi na desturi. Miaka hiyo saba haikushusha bei ya unga, wala nauli, wala kodi ya chumba. Nyama iliisha, kisu kikafika kwenye mfupa.

Thomas Aquinas, aliyeandika katika karne ya 13, aliuliza kama ni halali kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake. Katika jibu lake kuna hoja moja ambayo sijaacha kuifikiria tangu siku ile gereji. Anasema mnunuzi akiwa na shida kubwa ya kitu, na muuzaji hapotezi chochote cha ziada kwa kukiuza, muuzaji asipandishe bei kwa sababu ya shida hiyo. Shida ni ya mnunuzi, na mtu haruhusiwi kuuza kisicho chake. Tumezoea kuisoma hoja hiyo tukimfikiria mwenye duka anayepandisha bei ya maji wakati wa ukame. Igeuze. Fundi asiye na kazi nyingine wiki hii ana shida, na shida hiyo ndiyo inayomfanya akubali elfu tano kwa siku. Njaa yake si mali ya mteja. Mteja anapoitumia kushusha bei, anajilipa kwa kitu kisicho chake.

Sasa rudi kwenye maneno ya fundi. Naweza kupunguza cha kwangu tu. Ni kipi hasa kilicho chake?

Siku zake tisa ni zake. Ujuzi wake ni wake: mkono unaojua umbali wa bunduki kutoka kwenye bati ili rangi isichuruzike, jicho linaloona wimbi kwenye mlango ambalo mimi silioni hata nikioneshwa. Na mapafu yake ni yake. Hadina ya klia nyingi za magari ina kemikali ziitwazo aisosaneti. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza imekuwa ikiwaonya wapiga rangi za magari kwamba hatari yao ya kupata pumu ni kama mara 80 ya ile ya wafanyakazi kwa ujumla. Ukungu wake hauonekani wote kwa macho, na pua haikuonyi mapema. Unabaki hewani hata baada ya bunduki kuzimwa. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo, kiasi kidogo tu kinatosha kumrudishia mtu shambulio, na dawa pekee ya uhakika ni kuacha kazi. Kitambaa hakiuzuii, wala maski ya vumbi. Kinachotakiwa ni maski inayoletewa hewa safi kwa bomba, na chumba kilichozibwa chenye feni ya kuvuta hewa na kuichuja.

Fundi wa mjomba hufunga fulana puani. Jioni hunywa nusu lita ya maziwa, kwa sababu aliyemfundisha kazi alimwambia maziwa husafisha sumu. Imani hiyo imeenea gereji nyingi, na inaeleweka, kwa kuwa inampa mtu kitu cha kufanya. Lakini maziwa huenda tumboni, na sumu iko kwenye mapafu. Kwenye bili hakuna mstari wa maski. Hakuna hata mstari wa maziwa. Vyote hivyo hutoka ndani ya neno ufundi, lile lile lililokatwa kutoka laki tatu na nusu hadi laki moja na nusu. Tunaposema tumepunguziwa bei, aghalabu tumehamisha deni. Sehemu ya bei haikufutwa, imeandikwa kifuani mwa mtu, na italipwa baada ya miaka kumi kwenye foleni ya hospitali bila jina letu kutajwa.

Azimio la Arusha la 1967 lilitupa neno la kuitia hali kama hii: unyonyaji, kuishi kwa jasho la mwingine. Nikilijaribu neno hilo kwa mjomba, halimkai sawasawa. Ni mstaafu mwenye pensheni ndogo na gari la zamani, anayewapeleka wajukuu shule na wagonjwa wa mtaa hospitali. Rangi kwake si mapambo. Upepo wa bahari una chumvi, na bati lililoachwa wazi hapa Dar linaliwa na kutu. Dereva wa daladala hali yake ni ngumu zaidi, maana gari lake lazima liwe na mstari wa rangi ya njia yake. Wengi wanaovutana bei na mafundi si matajiri. Ndiyo maana sipendi jawabu jepesi la kwamba wateja waache ubahili. Ukimwambia mtu mwenye 1,450,000 alipe 1,650,000, hujamfundisha maadili, umemwambia awe mtu mwingine.

Lakini kati ya kumwonea fundi na kutoa hela usiyo nayo kuna nafasi. Asubuhi yake nilimuuliza mjomba kwa nini tulichukulia kwamba kazi lazima iwe gari zima, halafu tukavutana kuhusu mtu. Tungeweza kufanya kinyume: mtu asiguswe, tuvutane kuhusu kazi. Mjomba alifikiri kidogo, akasema hiyo ni hesabu ya darasa la tano aliyoifundisha miaka 30, ya kubadilisha upande wa kujumlisha. Tuliporudi gereji akamwambia fundi: boneti, paa na bampa mbili tu, ubavuni na milangoni wasugue na kung'arisha. Bili mpya ikawa 900,000, na ndani yake ufundi 300,000 kwa siku tano.

Mjomba alilipa gharama ya uamuzi huo, tena inayoonekana. Nyeupe ya lulu ni ngumu kuifananisha na ile iliyokaa juani miaka saba. Saa saba mchana Noah ile ina weupe wa aina mbili, na mjomba, ambaye aliwahi kuwarudisha wanafunzi nyumbani kwa soksi zisizofanana, hajafurahi. Wenzake msikitini wamemuuliza kama alipigiwa rangi na mafundi wawili tofauti. Nadhani hapa ndipo maadili ya bei yanapopimwa. Kila mtu yuko tayari kumtendea fundi haki ikiwa gari litang'aa vilevile. Kazi ni kukubali gari lenye rangi mbili.

Fundi naye hakununua maski. Alilipa ada ya mtoto. Mtu mmoja niliyemsimulia habari hii alicheka, akasema: unaona sasa, umemwachia hela na mapafu yake yako palepale, bora mjomba wako angezibaki mwenyewe. Sikubaliani naye. Bei ya haki si msaada unaotolewa kwa masharti ya kukaguliwa. Nikimlipa daktari simuulizi hela ataipeleka wapi. Kama 300,000 ndiyo stahili ya kazi ile, basi ni yake kabla hajaamua la kuifanyia, na uamuzi wa kumtanguliza mtoto mbele ya kifua chake ni uamuzi ambao wazazi wengi wangeufanya. Aliyekatwa mpaka mwisho hana hata nafasi ya kuamua vibaya.

Hata hivyo cheko lile lina kitu ndani. Wale vijana wawili wanaosugua msasa na kushika bomba wanavuta hewa ileile, na wao hawakukaa kwenye mazungumzo ya bei. Hata kama kila mteja angelipa vizuri, hakuna bili moja ya Noah inayoweza kununua chumba cha kupigia rangi. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu 2003, lakini sheria ya namna hiyo inamtafuta mwajiri, na chini ya mwembe hakuna mwajiri, kuna fundi na wadogo zake. Mafundi kumi wa mtaa mmoja wakiwa na chumba kimoja cha pamoja, kwenye eneo waliloruhusiwa na manispaa, na kila gari likachangia kidogo, hilo lingekuwa jambo lingine. Mstari mpya ungeingia kwenye bili, wenye jina lake, juu ya neno ufundi, pamoja na rangi na thina. Bei ingepanda tena. Ila ingepanda kwa kusema kweli kuhusu kitu ambacho muda wote tulikuwa tukikitumia bila kukiandika.

Mpaka siku hiyo ifike, mteja aliyesimama gereji na hela isiyotosha bado ana la kufanya. Aombe bili iliyoandikwa mstari kwa mstari. Atazame ni mstari upi unaoshuka anaposema punguza. Kama ni uleule wa chini, basi ajue anavutana na nani. Halafu aamue kama anaweza kuishi na mlango ambao haukupigwa rangi.